Kwa nini gemu la mtandaoni lililofungwa huchukua miaka kufufuliwa wakati mafaili yote tunayo?

Jongoo · #1

Wakuu, salaam. Kuna jambo linanisumbua tangu wiki iliyopita.

Gemu nililokua nalo seva zake zilizimwa zamani sana. Diski ninayo mpaka leo na imejaa kila kitu: ramani, miji, muziki, mavazi, hata mazimwi ya mwisho. Kuna mashabiki wamekuwa wakilifufua kwa miaka tisa sasa. Juzi nikajiunga na seva yao ya majaribio. Nikaingia, nikachagua mhusika, nikajikuta nimesimama kwenye uwanja wa mji. Mji ni uleule, hadi mlio wa kengele. Lakini hakuna kiumbe hata kimoja. Wauza silaha hawapo, maadui hawapo, milango haifunguki. Nimetembea dakika arobaini peke yangu, nikatoka nikiwa na huzuni.

Nauliza kwa nia njema: kama kila kitu kimo kwenye diski yangu, hawa ndugu wanatengeneza nini miaka tisa yote hiyo?

mkongwe2004 · #2

Swali zuri sana. Naweka kambi hapa nisubiri wajuzi.

FundiPaketi · #3

Jongoo, kwenye diski yako kuna sura ya gemu. Akili yake haikuwahi kufika kwako.

Ukibonyeza kitufe cha kupiga, programu yako haiamui chochote. Inatuma ombi tu: "nampiga huyu kwa silaha hii." Seva ndiyo inayorusha kete, inaangalia silaha, ngao na umbali, halafu inarudisha jibu fupi: adui kapungukiwa 34. Wewe ulipokea 34. Hesabu iliyoizaa hiyo 34 ilibaki kwenye kompyuta ya kampuni, na kompyuta ilipozimwa ikaondoka nayo. Ilifanywa hivyo kwa makusudi, maana chochote kinachokaa kwenye mashine ya mchezaji, mchezaji atakichezea.

Sasa rudi kwenye ule uwanja mtupu. Umbo la zimwi unalo. Lakini linasimama wapi? Linazunguka njia gani? Linakuona ukiwa umbali gani? Likiuawa linarudi baada ya dakika ngapi, na linadondosha nini? Hakuna hata moja kati ya hayo kwenye diski. Muuza silaha naye ni hivyo hivyo: sura unayo, bei na maneno yake ya misheni alikuwa anapewa na seva. Miaka tisa inaishia hapo.

Kiboko_ya_Baiti · #4

Nakubaliana na #3 nusu. Kanuni za mapigano ni shida ya baadaye. Kwanza lazima ujifunze lugha ambayo programu na seva walikuwa wanazungumza, na hakuna aliyekuachia kamusi.

Nitoe mfano niliouishi. Gemu langu lilipotangazwa kufungwa tulikuwa na wiki sita. Nikawasha programu ya kunasa paketi, yaani vifurushi vya data vinavyopita kati ya programu na seva, nikamsimamisha mhusika wangu, nikanasa. Nikampigisha hatua moja, nikanasa tena. Nikaweka mistari miwili juu na chini kwenye karatasi. Baiti nyingi zilifanana, nne tu zilibadilika, na kwenye mstari wa pili zilisomeka 00 00 C8 42. Ukizisoma kama namba nzima unapata upuuzi. Ukizisoma kuanzia nyuma, kama namba yenye desimali, unapata 100 kamili. Nikaangalia kwenye skrini: nilikuwa nimesimama kwenye 100 mashariki. Ilikuwa saa nane usiku na nilipiga kelele hadi nikaamsha nyumba nzima.

Baiti iliyofuata ilikuwa mwelekeo. Waligawa duara vipande 256 badala ya nyuzi 360 ili kubana nafasi. Ile iliyofuata tukaipuuza kwa sababu kila tuliponasa ilikuwa sifuri. Miezi mitano baadaye, kwenye seva yetu wenyewe, mtu akaingia ziwani na wenzake wote wakamwona anatembea chini ya maji kama yuko nchi kavu. Kumbe baiti hiyo ndiyo iliyokuwa inasema mtu yuko ardhini, anaogelea au anaanguka. Sisi sote tulinasa tukiwa tumesimama mjini! Hiyo ni paketi moja, na gemu letu lilikuwa na aina zaidi ya mia nne.

Salma_D · #5

Kiboko, na kama seva imeshakufa unanasa nini?

Kiboko_ya_Baiti · #6

Hunasi kitu, dada. Hapo unabaki na kazi ya kuifumua programu yenyewe, mshono kwa mshono. Zana zipo. Ghidra, kwa mfano, ilitolewa bure mwaka 2019 na shirika la ujasusi la Marekani, NSA. Unatafuta kipande kinachopokea ujumbe namba fulani, unakiona kinasoma baiti mbili, kisha namba ya desimali, kisha jina. Basi umejua umbo la ujumbe.

Ila programu itakuambia inategemea kusikia kitu cha umbo gani. Haitakuambia seva ilikuwa inasema nini. Umbo la jibu na jibu lenyewe ni vitu viwili.

Kuna na ukuta mwingine, usimbaji. Magemu mengi yanafunga mazungumzo kwa ufunguo, na ule wa siri ulibaki kwa kampuni. Kuuvunja ni ndoto. Watu wanatengeneza jozi yao mpya ya funguo, halafu wanaingia ndani ya programu ya mchezaji na kubadilisha ule ufunguo wa umma, yaani mwenzake wa wazi anayekaa kwa mchezaji, wauweke wa kwao. Baada ya hapo programu inaamini seva ya mashabiki ndiyo nyumbani.

HesabuZangu · #7

Naomba niongelee vitu vinavyodondoshwa na maadui, maana watu wanadhani ni kukumbuka tu.

Tuseme upanga ulikuwa unadondoka mara 1 kwa kila maadui 100. Wachezaji 100 wakiua maadui mia mia kila mmoja, karibu 37 kati yao hawatauona kabisa, na wataapa kwamba haudondoki. Ili uwe na uhakika wa asilimia 95 wa kuuona japo mara moja unahitaji kuua 299. Na kuuona siyo kujua kiwango. Ukiwa na kumbukumbu za maadui 10,000 na panga 100, bado unachoweza kusema kwa uaminifu ni kwamba kiwango kilikuwa kati ya asilimia 0.8 na 1.2. Huyo ni adui mmoja na kitu kimoja. Zidisha kwa gemu lenye maelfu ya maadui na vitu, halafu jiulize nani alikuwa anaandika idadi wakati huo. Tulikuwa tunacheza, hatukuwa tunahesabu.

Kwa hiyo mimi naona kikwazo kikubwa kuliko vyote ni ushahidi. Lugha utaifumua, programu utaiandika. Namba ambayo haikuandikwa popote, utaitoa wapi?

Zuhura_K · #8

FundiPaketi, pale #3 umejumlisha mno. Si kila gemu lilificha.

LEGO Universe lilifunguliwa Oktoba 2010 likafungwa Januari 2012. Ndani ya programu ya mchezaji kulikuwa na hifadhidata kubwa yenye majedwali ya misheni na hata majedwali ya vitu vinavyodondoka. Waliolifufua kupitia Darkflame Universe walianzia kwenye hazina hiyo, na pamoja na hazina hiyo msimbo wao, yaani maandishi ya programu yenyewe, waliuweka wazi kwa umma Desemba 2021 tu. Hesabu mwenyewe ni miaka mingapi.

Toontown Online nalo, lililofungwa Septemba 2013, lilikuwa limeandikwa kwa Python juu ya injini ya Panda3D ambayo ni huria. Lilikuwa na faili linaloorodhesha kila ujumbe na nani anaruhusiwa kuutuma, yaani ile kamusi anayoililia Kiboko. Seva yake halisi haikutolewa, ndipo mashabiki wakaandika ya kwao iitwayo Astron.

HesabuZangu, na wewe hii inakuhusu. Kuna magemu ambayo namba zako zilikuwa zimelala kwenye diski muda wote.

FundiPaketi · #9

Nimekubali, Zuhura. Nifute "kila gemu" niandike "mengi". Ila umejibu swali lako mwenyewe: hata wenye majedwali walikaa miaka. Jedwali linasema misheni inataka uue watano. Halisemi mlango ufunguke lini, nani aseme nini, na nini kitokee mchezaji akikatika mtandao katikati.

mkongwe2004 · #10

Ngoja niwape upande mwingine. Mnazungumza kama kila kitu lazima kijengwe upya. City of Heroes lilifungwa 2013, na mwaka 2019 likarudi likiwa zima, kwa sababu msimbo wenyewe wa seva ulikuwa umetoka nje na kikundi kidogo kilikuwa kinacheza kimya kimya miaka yote hiyo bila kuwaambia wenzao. Habari zilipovuja, ndani ya wiki chache watu wakawa wamerudi mitaani. Mimi nilikuwa mmoja wao. Niliandika jina la mhusika wangu wa zamani na mikono ilikuwa inatetemeka.

Kwa hiyo ugumu ni usiri. Mahali fulani mtu anao msimbo, amekaa nao.

MlinziWaLango · #11

Mkongwe, marekebisho: lilifungwa tarehe 30 Novemba 2012. Hayo ya 2019 ni kweli. Na umesahau sehemu nzuri zaidi, kwamba Januari 2024 NCSoft, kampuni yenye gemu, iliwapa mashabiki wa seva ya Homecoming leseni rasmi.

Ila leseni ya namna hiyo ni nadra. Mimi naona kizuizi kikuu ni sheria, hata kwenye mambo mnayoyaita ya kiufundi. Mwaka 2005 mahakama ya rufaa Marekani iliamua dhidi ya walioandika bnetd, programu huria iliyoiga seva ya Battle.net, huduma ya mtandaoni ya magemu ya Blizzard. Waliifumua lugha ile bila kuiba msimbo, na bado wakashindwa. Nostalrius, seva ya mashabiki ya World of Warcraft ya zamani, ilifungwa Aprili 2016 baada ya barua ya wanasheria.

Hofu hiyo inaingia hadi kwenye kazi. Mradi wetu una sheria kwamba aliyewahi kuona msimbo uliovuja haruhusiwi kuandika hata mstari mmoja. Anayefumua programu anaandika maelezo kwa maneno, na mtu mwingine kabisa ndiye anayeandika msimbo kutoka kwenye maelezo hayo. Kazi ya mtu mmoja inafanywa na wawili, na inachukua muda mara tatu. Waliofufua Star Wars Galaxies kupitia SWGEmu nao waliandika seva yao tangu mwanzo, tena wakilenga hali ya gemu kabla ya mabadiliko ya mapigano ya Aprili 2005. Walianza wakati gemu lenyewe bado liko hewani, na zaidi ya miaka kumi baadaye walikuwa bado wanaandika.

Nyota7 · #12

Hilo la kuchagua tarehe ndilo ninalotaka kuligusa. Gemu la mtandaoni halikuwa moja. Lilibadilika kila mwezi. Ukisema "tulirudishe lilivyokuwa", watu watano wana magemu matano kichwani.

Blizzard wenyewe walipofungua Classic, yaani World of Warcraft ya zamani iliyorudishwa rasmi, mwaka 2019 walilazimika kutoa orodha ya mambo ambayo siyo hitilafu, kwa sababu watu walikuwa wanayaripoti kama makosa ilhali ndivyo yalivyokuwa tangu zamani. Mojawapo ni kwamba Tauren, jamii mojawapo ya wahusika, wana eneo la kupigwa na kupiga lililo kubwa kidogo kuliko jamii nyingine. Hao ni wenye gemu, wana data ya toleo la 1.12 mkononi! Hata hivyo hawakuwasha tu seva ya zamani. Walichukua data ya zamani wakaipandisha juu ya msimbo wa kisasa.

Kwetu ugomvi ulikuwa kasi ya pigo la zimwi moja. Nusu ya kundi wanasema sekunde moja na nusu, nusu wanasema mbili, na kila mmoja anaapa. Nikatafuta video ya zamani, picha ina ukungu, ila ni fremu 30 kwa sekunde. Nikasogeza fremu moja moja kutoka mkia unapogusa ardhi hadi unapogusa tena. 54. Nikarudia mara ishirini: 54, 54, 55, 54. Yaani sekunde 1.8. Wote walikuwa wamekosea, na nadhani mpaka leo kuna wawili hawajanisamehe.

Zuhura_K · #13

Nyota7, mimi ni mmoja wa hao wawili na bado nasema ni mbili. 😄

Nyota7 · #14

Zuhura, video nitakutumia tena. Mara ya nne.

Salma_D · #15

Natoka nje ya mada kidogo. Vile vigemu vya kwenye kivinjari vilivyotegemea Flash, ile programu ya zamani ya kuviendesha, navyo vinaingia hapa? Club Penguin, kwa mfano.

Kiboko_ya_Baiti · #16

Vinaingia mara mbili, Salma. Club Penguin lilifungwa Machi 2017, hapo ilikufa seva. Halafu mwisho wa 2020 Flash yenyewe ikaacha kuhudumiwa, hapo ikafa na ardhi iliyokuwa chini ya programu ya mchezaji. Sasa hivi kuna Ruffle, inayoiga Flash kwa kuandikwa upya. Unajikuta unatengeneza seva ya kuiga, inayoongea na programu ya zamani, inayokimbia ndani ya kitu kingine cha kuiga. Pakitokea kosa hujui liko ghorofa ya ngapi. Niliwahi kumaliza siku tatu kutafuta kosa kwenye seva yangu na lilikuwa kwenye herufi zisizoonekana sawa.

Tausi_M · #17

Nimesoma uzi wote. Nimeongoza mradi wa aina hii kwa miaka sita, kwa hiyo niseme nilichokiona, na sitarudia mliyosema.

Kilichotuchelewesha ni watu kuondoka. Aliyeandika mfumo wa maadui kutafuta njia, yaani namna wanavyozunguka kuta na kupanda ngazi, alikuwa mmoja tu. Kijana mwenye kipaji, akafanya kazi usiku na usiku kwa mwaka na nusu. Akapata mtoto, akaondoka. Alikuwa na haki kabisa. Lakini mfumo ule hakuna aliyeuelewa. Maadui wakaanza kuzama kwenye sakafu ya jumba moja na hatukuthubutu kugusa. Tulikaa miezi kumi na minne kuuandika upya. Hii ni kazi ya kujitolea, mtu anaifanya akishamaliza kazi yake ya mchana, na mradi ukikua unahitaji watu kumi wanaoelewana kwa miaka. Wakigombana wanagawana msimbo, miradi inakuwa miwili dhaifu. Nimeshuhudia mara tatu.

La pili ni msongamano. Tulikuwa tunajaribu tukiwa ishirini na kila kitu kilikwenda vizuri. Siku ya kufungua kwa wote wakaja zaidi ya mia saba ndani ya saa moja. Wote wakasimama uwanja mmoja, kwa sababu ndio walioukumbuka. Ukiwa na watu 20 mahali pamoja, kila hatua ya mmoja wanaambiwa 19. Wakiwa 700, kila hatua wanaambiwa 699, na wote 700 wanatembea. Karibu nusu milioni ya ujumbe kwa kila duru moja ya hatua. Seva ilidumu dakika kumi na moja. Magemu ya zamani yalikuwa na mbinu za kuwaficha walio mbali na kupunguza taarifa, lakini mbinu hizo zilikuwa upande wa seva, kwa hiyo hatukuziona kwenye paketi. Tulichoona ni matokeo yake tu.

MlinziWaLango · #18

Tausi, hiyo ya #17 nimeisoma mara mbili. Asante. Ila nashikilia langu: wangekuwa huru kisheria, wangeajiri watu, na watu wasingeondoka.

HesabuZangu · #19

Na hata ukiwaajiri, ile asilimia 1 watairudisha kwa hela gani?

Jongoo · #20

Nashukuruni nyote. Nimejifunza kuliko nilivyotarajia, na nimewatumia wale ndugu ujumbe wa shukrani, maana nilikuwa nimewawazia vibaya.

Swali moja dogo. Kwa nini kampuni isiwaachie tu programu ya seva siku ya kufunga?

FundiPaketi · #21

Mara nyingi haiwezi hata ikitaka. Ndani ya seva kuna vipande walivyonunua leseni kwa wengine, hawana haki ya kuvigawa. Pia seva siyo programu moja. Ni kundi la programu, moja ya kuingia, moja ya malipo, moja ya kila eneo, zote zimefungamana na mashine za kampuni.

MlinziWaLango · #22

Ndiyo maana inabidi wapange mapema, kabla ya kuuza. Baada ya seva za gemu la magari The Crew kuzimwa mwishoni mwa Machi 2024 ilizaliwa kampeni ya Stop Killing Games, na ombi lao kwa Umoja wa Ulaya lilivuka saini milioni moja Julai 2025. Hawadai kampuni ihudumie gemu milele. Wanadai liachwe katika hali inayochezeka. Mashabiki wa The Crew hawakusubiri, mwaka 2025 wakatoa seva yao.

Kimya_Kingi · #23

Samahani wakuu, huwa nasoma tu, sijawahi kuandika. Jongoo, nimeangalia picha kwenye wasifu wako na nadhani gemu lako ndilo nililocheza mimi. Nina diski ngumu ya kompyuta yangu ya zamani, haijawashwa miaka mingi. Nakumbuka kulikuwa na sehemu ya kuweka tiki ili maneno yote ya dirisha la mazungumzo yahifadhiwe kwenye faili. Niliiweka kwa sababu nilitaka kutunza maongezi ya chama chetu. Hayo yana faida yoyote?

HesabuZangu · #24

KIMYA. Dirisha hilo lilikuwa linaandika pia mapigo na vitu ulivyookota?

Kiboko_ya_Baiti · #25

Usiiwashe diski hiyo kama kawaida! Usiiwekee mfumo wowote mpya. Ichomeke kwenye kompyuta nyingine kwa njia ya kusoma tu, nakili yote nzima, halafu ufanye kazi kwenye nakala.

Kimya_Kingi · #26

Nimefanya kama Kiboko alivyosema, imechukua usiku mzima na ilikuwa inakwaruza, lakini imesoma. Mafaili ni 212. La kwanza nimelifungua. Ndiyo, yana mapigo. Kila mstari una saa, dakika na sekunde, jina la adui, namba, na chini yake nilichookota. Kuna na maneno ya rafiki yangu mmoja ambaye hayupo tena, sikujua kama bado yapo.

Jongoo · #27

Pole sana, ndugu yangu. Hayo yake yatoe kwanza uyatunze mwenyewe, hayana haraka. Mengine tutayasubiri.

HesabuZangu · #28

Pole, Kimya. Jongoo kasema sawasawa. Ukiwa tayari, nianzie na kitu kimoja tu: tafuta jina la adui mmoja, yule mlinzi wa daraja, uniambie limetokea mara ngapi.

Kimya_Kingi · #29

Mara 3,816.